Kapita wa Mlango wa Buluu

Mama Agnès, mshauri wa gazeti,

Msaada ninaouomba kwako hauwezi kungoja zamu yake, kwa hiyo kama barua za wenzangu zimetangulia naomba uziweke pembeni kidogo usome hii kwanza, maana Jumamosi kuna gari linaondoka na kuna watu watano ambao hawatalipanda kwa sababu yangu mimi. Nilisoma mpaka mwaka wa nne tu, huko kwetu Kilwa, ile ya ziwani katika jimbo hili hili, na tangu nilipokuja Lubumbashi miaka kumi na miwili iliyopita mikono yangu imeshika magunia kuliko kalamu, unisamehe maandishi. Majina ya watu nimeyageuza yote, hata langu. Wewe niite Kasonde.

Mimi ni mbeba mizigo pa gare ya treni. Tulikuwa ekipe, kikosi kimoja cha watu wanane, na kiongozi wetu, kapita, ni mtu nitakayemwita Clovis. Ni mtu wa Kasai, jimbo jingine la mbali, mnene, ana kofia ya kahawia asiyoivua hata akila. Nilipofika mjini sijui mtu, ni yeye aliyenipa kona ya kulala nyumbani kwake miezi mitano bila kuniuliza kabila wala kijiji, na ni yeye aliyenifundisha namna ya kuinua kitu kizito bila kuvunja mgongo: shika chini kabisa, kivute karibu na mwili, halafu simama, usifikiri mara mbili.

Pale gare tulikuwa na desturi yetu, na lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa kosa langu. Asubuhi, aliyefika wa mwisho, jina lake lilipewa mzigo mzito kuliko yote ya siku ile. Kama aliyechelewa ni Mwaba, basi lile sanduku la vyuma liliitwa Mwaba. Kapita aliuliza, “Nani huyu?” na sisi wote tulijibu, “Ni Mwaba!” halafu tunainua, na tukishatua tunapiga kelele pamoja, “Mwaba chini!” na mwenye jina anacheka kuliko wote kwa sababu mzigo umeshuka na mgongo wake ni mzima. Hakuna aliyeona vibaya. Mzigo wenye jina ulikuwa mwepesi kidogo kuliko mzigo usio na jina.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi, siku ile askari walipovunja maduka na raia tukafuata nyuma yao, unaikumbuka, mji mzima ulikuwa unabeba. Clovis alikataa. Alituambia pale gare, “Miye siende. Kintu ya muntu haiingie mu nyumba yangu,” akarudi kwake akafunga mlango. Mimi na wenzangu wawili wa ekipe na mtu mwingine tuliyemkuta njiani tulikwenda mjini, tukafika tumechelewa. Kulikuwa na sali moja, ukumbi wa michezo, ambamo watoto wa wenye mali walikuwa wanacheza kwenye mashine za kioo, na mwenyewe alikuwa ameshakimbia nchi. Viti vilikuwa vimekwenda, friji imekwenda, hata milango ya choo. Ilibaki mashine moja tu kwenye kona, kwa sababu hakuna aliyeiweza. Watu wanne walijaribu mbele ya macho yetu wakaiacha wakitukana.

Ile mashine niliijua. Ni sisi tulioishusha kwenye behewa miaka mitatu nyuma, na siku ile iliitwa Kasonde, maana mimi ndiye niliyechelewa. Sasa nisikilize vizuri, Mama, kwa sababu hapa ndipo upumbavu ulipoanza. Jirani na sali ile kulikuwa na bohari ya unga, magunia bado yamo, watu wasiojua kubeba wanayakokota mpaka yanapasuka, na sisi wabeba magunia tukayapita magunia tukaenda kubeba kabati yenye kioo, kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna mwingine aliyeiweza, na tuliona kama tukiiacha tutakuwa tumetukanwa kazi yetu. Tukauliza, “Nani huyu?” tukajibu, “Ni Kasonde!” tukaiinua. Tulipofika nyumbani mke wangu Léonie aliitazama kwa muda mrefu.

“Bantu bote banaleta bunga,” alisema. “Weye unaniletea dirisha. Tutapika dirisha?”

Ndani ya mashine ile kuna mchezo mmoja tu. Mbele yake kuna bunduki ya chuma iliyofungwa kwa mnyororo. Ukiishika, barabara ya mji fulani inaanza kwenda yenyewe kwenye kioo; wewe huiendeshi, huigeuzi, huwezi kuisimamisha; nyumba zinakuja na kupita, na kwenye milango na madirisha wanatokea watu wenye silaha, na kazi yako ni moja tu, kuwapiga kabla hawajakupiga. Mara nyingine anapita mwanamke mwenye kikapu. Huyo usimpige, ukimpiga, mashine inakunyang'anya roho moja katika roho tatu ulizopewa. Mwisho wa barabara kuna nyumba yenye mlango wa buluu, na hapo anatoka mtu mnene mwenye kofia, anayechelewa kuliko wote. Akianguka huyo, barabara inaanza upya.

Fundi mmoja aliifungua nyuma akaunga waya ili icheze bila sarafu, tukaiweka uani. Treni zilikuwa zimepungua, halafu mizigo ikaisha kabisa, ekipe ikabaki kukaa juu ya mikokoteni yake. Watu wa mtaa wakaanza kuja kucheza, na anayetaka kucheza alileta kikombe cha unga, au makaa kidogo, au mafuta ndani ya chupa. Nyumba yangu imekula hivyo karibu mwaka mzima, na Léonie hakusema tena habari ya dirisha.

Jina la yule mtu wa mlango wa buluu nililitoa mimi. Niliona kofia, niliona tumbo, niliona anavyochelewa, nikasema kama tulivyozoea pale gare, “Nani huyu? Ni Clovis!” na alipoanguka tukapiga kelele, “Clovis chini!” Na Clovis mwenyewe alikuwepo siku hiyo, alikuja baada ya misa kutusalimu. Alicheka mpaka akavua ile kofia ajipanguse uso. Akaomba bunduki, akacheza vibaya sana, akafika mwisho kwa bahati, akajipiga mwenyewe. “Mwanetu,” akaniambia, “sikuchelewa ata siku moja ku kazi. Leo unanichelewesha mu kioo.”

Tulicheka, Mama. Sijui kama unaweza kuamini, lakini hakukuwa na ubaya ndani yake hata kidogo.

Halafu maneno yakabadilika mjini. Wewe unayajua kuliko mimi, yale ya mikutano na ya redio, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, kwamba kazi wamekula wao, nyumba wamejenga wao. Mimi siasa siijui. Mimi pia ni mgeni hapa, ila Kilwa iko upande unaofaa, kwa hiyo ugeni wangu hakuna aliyeuona. Waliokuwa wanakuja kucheza sasa ni vijana wenye nguvu, wasio na kazi, na mkubwa wao nitamwita Mulenga. Hao hawakuwahi kubeba kitu pale gare. Jina walilikuta kwenye mashine, na kelele yetu waliikuta, wakazichukua zote mbili. Na wale watu wengine wa madirishani nao wakawapa majina, yote ya familia za Kasai za mtaa wetu: huyu fundi cherehani, huyu mwalimu, huyu mwenye duka la chumvi. Yule mwanamke mwenye kikapu wakamwita Mama Aristote, ambaye ni mke wa Clovis, tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Walikuwa wanampiga kwa kusudi. Mashine inawanyang'anya roho na wao wanampiga tena, wanacheka, wanasema roho hizo ni za bure.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha unga mkononi. Unajua niliwaambia nini? Niliwaambia, “Muchezee polepole, musivunje bunduki.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote, na nayasikia mpaka leo nikiwa natembea, nikiwa nakula, nikiwa kanisani.

Jumapili moja saa nane mchana nilikuwa ndani, ninakula. Nikasikia nje, “Nani huyu?” na sauti nyingi zikajibu, “Ni Clovis!” Nikafikiri wanacheza. Nikasikia, “Clovis chini!” kwa kelele kubwa kuliko siku zote, nikatoka na sahani mkononi niwaambie wapunguze, kuna mtoto amelala. Uani hapakuwa na mtu. Bunduki ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wake. Mashine ile ikiachwa huwa inaendelea kuonyesha barabara peke yake, na barabara ilikuwa inakwenda, nyumba zinapita, watu wanatokea milangoni na kupiga na hakuna aliyewajibu. Nilisimama nikikitazama kile kioo kama mjinga, nikitafuta kelele inatoka wapi ndani yake. Halafu ikapigwa tena, na ilitoka nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa Clovis.

Nyumba ya tatu, Mama. Mtu mzima anafika akiwa anapumua mara kumi. Sikwenda. Miguu iliyobeba magunia miaka kumi na miwili ilikataa kunibeba mimi peke yangu. Nilishika sahani mpaka kelele zilipoisha.

Hawakumuua. Jiwe lilimpata kwenye paji la uso, akaanguka, wakapiga ile kelele, akainuka, akapitisha mke na watoto watatu juu ya ukuta wa nyuma, wakakimbia. Kofia yake ilibaki njiani. Mulenga aliiokota, na siku hizi akija kucheza anaivaa.

Sasa ni juma la tatu wako pa gare, juu ya saruji ile ile tuliyokuwa tunatua mizigo, pamoja na watu wengi wengine, wakingoja treni ya Kasai ambayo haiji. Mimi nawapelekea maji, bidoni moja asubuhi na moja jioni, naibeba kichwani. Mtoto wao mdogo anaharisha tangu juma lililopita na macho yameingia ndani. Clovis ana kitambaa kichwani mahali pa kofia. Mara ya kwanza aliponiona alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, “Mutazame muntu,” na mimi nikatazama chini.

Halafu akaniambia jambo ambalo limenimaliza. Alisema jina lake kila mtu wa mtaa analijua, hilo si ajabu, lakini ile kelele ni ya gare, ni ya ekipe, na vijana wale hawakuzaliwa nayo. “Muntu wa kwetu njo alibafundisha,” alisema. “Ni Mwaba.” Anamshuku Mwaba kwa sababu waliwahi kugombana juu ya siku ya mapumziko, miaka miwili iliyopita, jambo dogo kabisa. Mwaba hajawahi kugusa ile mashine. Mke wake alimkataza tangu mwanzo.

Na ni Mwaba, Mama, aliyepata gari. Shemeji yake ni dereva wa lori linalokwenda Kipushi Jumamosi asubuhi likiwa tupu, na amekubali kuchukua watu watano chini ya turubai. Dada ya Mwaba ana nyumba huko, karibu na mpaka, na mke wa Clovis ana shangazi ng'ambo, Zambia. Mwaba alikuja juzi pa gare kueleza hayo yote, na mimi nilikuwepo na bidoni yangu. Clovis hakumwacha amalize. Alimwambia, “Uende. Njo weye uliniuzisha. Sasa unataka kunipakia.” Mwaba alinitazama mimi. Anajua mashine iko kwa nani. Hakunitaja, aligeuka akaenda.

Jana Mulenga alisimama mlangoni kwangu na ile kofia kichwani, akaniambia kwa upole, “Ba Kasonde, umwambie kapita arudie. Shiye tulimaliza. Tunamungoja tu.” Na leo asubuhi Clovis ananiambia, “Kama mutaa iko salama, uniambie, Jumamosi narudia. Mutoto atanifia hapa. Ni weye tu naamini.” Wote wawili wanataka neno moja kutoka kinywani mwangu.

Nikisema mtaa ni salama, nimemuua. Nikisema usirudi, atabaki pale na yule mtoto, maana gari la Mwaba hatalipanda maadamu anaamini ni Mwaba. Na nikimwambia si Mwaba, ataniuliza ni nani. Yule ni kama baba yangu katika mji huu. Na Mulenga akisikia kwamba nimesema, mimi nina mke na watoto wawili ambao wanakula kikombe chake. Léonie ananiambia ninyamaze, anasema, “Maji unabeba inatosha.” Wakati mwingine naona ana haki. Wakati mwingine nataka kuchukua nyundo niivunje mashine uani mbele ya watu wote.

Basi ninauliza: je, kuna namna ya kumwambia kwamba Mwaba hana kosa, bila kujitaja mimi? Kama ipo nionyeshe. Nimebeba vitu vingi katika maisha yangu, Mama, hiki sijui nikishike wapi.

Ni mimi,
Kasonde, mbeba mizigo

*

Kasonde,

Barua yako nimeipata leo Jumatano asubuhi, na gazeti linatoka Jumapili. Sitangoja. Jibu hili analileta mume wangu kwa baiskeli, nimemwambia amtafute pa gare mtu anayebeba bidoni kichwani na asiyetazama watu usoni. Nadhani hatapotea.

Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na chungu kimeungua. Nakuonea huruma, na ningekuwa karibu nawe ningekupiga kofi, na mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Unauliza kama kuna namna ya kumtoa Mwaba bila kujitia wewe. Hakuna. Umejibu mwenyewe: “Ataniuliza ni nani.” Na wewe hujui kudanganya, umeniandikia kurasa sita bila kujificha hata mahali pamoja. Ungekwenda pale ukaanza kuzungukazunguka, angekusoma usoni kabla hujamaliza, na angejua mambo mawili badala ya moja: kwamba ulifanya, na kwamba hata leo unakimbia.

Kwa ule utani wa kwanza sikulaumu. Mwenye jina alicheka, basi ulikuwa wake pia. Ninachokulaumu ni, “Muchezee polepole, musivunje bunduki.” Hapo ulikuwa umeshasikia na umeshaelewa. Umenieleza vizuri sana kwamba barabara ile inakwenda yenyewe na mchezaji hawezi kuisimamisha. Mchezaji, ndiyo. Wewe hukuwa mchezaji, Kasonde. Wewe ulikuwa mwenye nyumba, na waya wa umeme ulikuwa umechomekwa ukutani kwako. Ungeweza kuuchomoa siku yoyote ya mwaka ule. Kikombe cha unga kilikuzuia. Nina watoto, naijua njaa, sikucheki. Lakini usiiite kwa jina jingine.

Na Léonie anaogopa, ana haki ya kuogopa, lakini maji hayatoshi. Maji yanamsaidia mtoto, endelea kuyabeba. Ila unajua mwenyewe unabeba na nini kingine ndani ya bidoni ile, na ndiyo maana unatazama chini.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo.

Léonie na watoto wawili waondoke mtaani kabla jua halijazama, waende kwa jamaa au waje kwangu, mume wangu atakuonyesha nyumba. Unga wa majuma mawili upo. Si zawadi, utanipasulia kuni.

Kisha nenda kwa Mwaba. Yeye kwanza, maana yeye ameubeba mzigo wako siku zote hizi bila kuutua mbele za watu, na angeweza. Mwambie anachokijua tayari. Mwombe muende pamoja. Akikataa, ana haki. Muulize tu saa ya gari na mahali litakaposimama.

Halafu kaa chini mbele ya Clovis, na mke wake awepo, kwa sababu walimpiga na yeye pia katika kile kioo. Sema maneno machache: Jina lako nililitia mimi kwenye mchezo. Kelele waliijulia kwangu. Nilisikia wanavyokusema nikanyamaza, na siku ile nilikuwa uani na sikuja. Mwaba hana kosa na gari lake ni la kweli. Usirudi nyumbani, kofia yako anaivaa Mulenga.

Hiyo ya kofia usiisahau. Ndiyo itakayomfanya aamini mengine.

Ukimaliza, nyamaza. Usilie, maana ukilia atalazimika kukufariji, na mwenye jeraha ni yeye. Msamaha usiombe siku hiyo. Kumwomba mtu msamaha juu ya saruji ya gare, mtoto wake akiwa mgonjwa mapajani, ni kumwongezea kazi. Akikupiga, kaa. Akikufukuza, nenda ukasimame mbali anapoweza kukuona, na usiondoke mpaka gari lije, labda atahitaji mtu wa kubeba. Akikataa maji kutoka mkononi mwako, mpe Mwaba ayapeleke, na usinung'unike.

Mulenga akiuliza, mwambie kapita anangoja treni ya Kasai kama wengine. Ni uongo. Uandike kwa jina langu, nitaujibu mimi mbele ya Mungu.

Mashine usiivunje kwa nyundo mbele za watu. Huo ungekuwa mchezo mwingine, na wewe ndiye ungeanguka mwisho wake. Kata waya wa ndani leo, sema umeme umeiunguza. Mji mzima umeme unaunguza vitu, hakuna atakayeshangaa. Clovis akishavuka, itoe uani. Mliiingiza watu wanne kwa ushujaa, mtajua kuitoa.

Mwisho, umeniambia hujui ukishike wapi kitu hiki. Lakini ulishaniandikia jibu mwanzoni, na aliyekufundisha ni yeye mwenyewe. Shika chini kabisa, kivute karibu na mwili, halafu simama. Usifikiri mara mbili.

Mama Agnès

*

Tunachapa barua hizi miezi miwili baadaye, na wahusika wameruhusu. Jumamosi ile watu watano walipanda gari. Vyombo vyao walivyookoteza pale gare, masufuria mawili, blanketi na cherehani iliyovunjika mguu, vilibebwa kichwani na mwanamume ambaye hakusemeshwa na mtu, kutoka gare mpaka mahali gari liliposimama, na aliambiwa kwa mkono aviweke wapi. Mtoto amepona. Yule mwanamume, mke wake na watoto wao wamerudi Kilwa.

Clovis ametutumia karatasi ndogo kutoka ng'ambo. Kuhusu Kasonde hakuandika kitu. Ameomba majina yote yaachwe yalivyogeuzwa, isipokuwa moja, ambalo alitaka lirudishwe kama lilivyo, lisomwe na mtaa mzima na gare nzima. Mwenye jina, ambaye sasa yuko kwa dada yake, amekubali, na tumelirudisha kila mahali.

Mwaba anaitwa Mwaba.